Milioni 20 za Darasa Moja Zilipita Mikononi mwa Nani

Novemba 2021 hapa Karatu mjini ilikuwa rahisi kupata chumba cha hoteli kuliko mfuko wa saruji. Vyumba vilikuwa tele. Watalii walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kwa kusuasua, na nyumba za wageni kadhaa kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro zilikuwa na kufuli getini tangu mwaka uliotangulia. Saruji ndiyo haikukaa dukani. Inashushwa asubuhi, adhuhuri imekwisha, na bei uliyoambiwa jana ukiitaja leo muuzaji anakutazama kama mgeni. Kisa chenyewe kila mtu alikijua: kila halmashauri ya Tanzania Bara ilikuwa inajenga madarasa, yote kwa mpigo, na yote yalitakiwa yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Fedha za kuyajenga ndizo zilizokuja kuitwa fedha za UVIKO. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567.25 kwa Tanzania, na tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma Kampeni ya Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Jina refu kiasi kwamba hata mheshimiwa diwani wetu hakulimaliza kwenye mkutano. Kwa shilingi ilikuwa trilioni 1.3. Ziligawanywa kwenye afya, maji, elimu, utalii, sehemu ikaenda Zanzibar. Sisi wa vijijini na miji midogo tuliyaona zaidi madarasa: 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama, kila darasa shilingi milioni 20.

Shule ya kata iliyo jirani na ninapoishi ilipata madarasa matatu. Hesabu ni nyepesi, milioni 60. Mimi niliingizwa kwenye kamati ya mapokezi kama mzazi, kwa sababu, nadhani, nina duka la vifaa vya shule na nimezoea kusoma hati za kupokelea mizigo. Jina la shule naliacha, na utaelewa kwa nini huko mbele.

Kwanza nitoe haki inapostahili. Kwa miaka mingi matokeo ya darasa la saba yakitoka, watoto waliofaulu walikuwa wanachaguliwa kwa awamu. Wa kwanza wanaanza Januari, wengine wanaambiwa wasubiri chaguo la pili, yaani wasubiri darasa lijengwe. Ndipo mtendaji wa kata anapopita nyumba kwa nyumba na daftari la michango, na asiyekuwa na fedha anatoa kuku au siku zake za kusomba mawe. Wananchi wanapandisha boma hadi usawa wa lenta, halafu boma linanyeshewa mvua misimu miwili likisubiri serikali ipaue. Mtoto wa kike akisubiri nyumbani hadi Machi, mara nyingine Machi ikifika hayupo tena. Ameshapelekwa Arusha kufanya kazi za ndani. Januari 2022 waliochaguliwa wote waliingia kidato cha kwanza siku moja. Nimeliona kwa macho yangu, na sitamkubalia mtu anayesema fedha hizo ziliyeyuka hewani. Madarasa yapo, na wanafunzi wamo.

Ila mpango ule haukuandikwa kama mpango wa elimu. Uliandikwa kama dawa ya uchumi uliopigwa na korona. Na kama ni dawa ya uchumi, swali la kuuliza ni nani alilipwa. Darasa litakaa miaka hamsini likiwa pale pale kwenye kona ya uwanja wa mpira, lakini milioni 20 zilipita kijijini mara moja tu, na kwa kasi. Zilipopita, zilimgusa nani?

Utaratibu uliotumika ni ule wa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, wanakijiji na walimu wanaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, wananunua vifaa wenyewe na kumpa kazi fundi wa kawaida kwa makubaliano. Mhandisi wa halmashauri anapita kukagua. Wasomi wa ujenzi wanaulalamikia utaratibu huu kwamba unazaa majengo yenye nyufa, na wakati mwingine wako sahihi. Mimi naupenda, kwa sababu ndio unaoweza kumfanya kijana wa kitongoji cha jirani apate ujira kwa fedha iliyotoka Washington. Mkandarasi angekuja na watu wake kutoka mjini, wangelala kwenye turubai, wangekula ugali waliobeba, na siku ya kuondoka wasingeacha hata deni la soda.

Kwa hiyo fundi wetu mkuu alikuwa mtu wa hapa hapa, ana nyumba mtaa wa pili. Alichukua saidia fundi kutoka vitongoji vitatu. Wengine niliwafahamu katika maisha yao ya awali: mmoja alikuwa mhudumu wa chakula kwenye loji, mwingine mlinzi wa kambi, mwingine muuza vinyago ambaye kabla ya korona alikuwa hawezi kuongea nawe dakika mbili bila kutupia neno la Kihispania. Wote walikuwa wanachanganya zege. Hapo fedha ilifanya kazi yake sawasawa, na ningetamani ingekuwa nyingi zaidi. Lakini katika milioni 20 ufundi ulikuwa kipande kidogo. Kilichobaki ni vifaa: saruji, nondo, mabati, mbao, rangi, vioo, viti na meza.

Vifaa ndivyo vilivyonifundisha uchumi.

Chukua matofali. Nyuma ya shule, umbali wa kutembea, kuna vijana wanaochoma matofali. Udongo wa Karatu ni mwekundu na mzuri kwa kazi hiyo, na mwaka ule matanuru yalikuwa yamejaa kwa sababu hakuna aliyekuwa anajenga. Akili ya kawaida inasema shule inunue pale, ilipe pale, jioni wale vijana wapeleke unga nyumbani. Haikuwezekana. Malipo ya serikali yanataka risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, na wale vijana hawana mashine, wengine hawana hata namba ya mlipakodi. Akatokea mfanyabiashara mwenye lori na mashine. Akanunua matofali kwenye tanuru, akayapakia, akayazungusha barabarani kiasi cha kuvuka korongo, akayashusha shuleni na kukata risiti safi. Tofali likaingia kwenye vitabu vyetu kwa bei inayokaribia mara mbili ya ile waliyopewa waliolifyatua. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mkaguzi akija, kila karatasi iko mahali pake. Mchanga ukafuata njia hiyo hiyo, na kokoto pia.

Simlaumu mwenye lori. Amefuata faida kama ninavyofuata mimi kwenye madaftari. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyowekwa kuzuia wizi, na wizi upo, ndiyo iliyoamua fedha ya kufufua uchumi iende kwa yule ambaye uchumi wake haukuwa umelala.

Saruji, nondo na mabati hayatengenezwi Karatu, kwa hiyo fedha hiyo ilikuwa lazima iondoke. Lakini iliondoka vibaya zaidi kwa sababu ya haraka. Ukiwa na muda unapita maduka, unaomba nukuu za bei, unasubiri mzigo wa wiki ijayo. Ukiambiwa mkuu wa wilaya anakuja Ijumaa kuangalia mmefika wapi, unanunua kilichopo kwa bei iliyopo. Na halmashauri zote zilikuwa na Ijumaa yake.

Mabati yetu yaliletwa usiku. Tuliitwa na mwalimu mkuu, tukaenda na tochi za simu. Dereva alikuwa amechoka na anataka kurudi Arusha. Mwenyekiti wetu wa kamati, mzee aliyewahi kuwa fundi wa kupaua kabla magoti hayajamgomea, hakuanza kuhesabu. Alivuta bati la juu, akashika kona, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likakubali upesi mno.

“Kijana,” akasema, “hili ni geji 30, jembamba. Karatasi inasema 28.”

“Mzee wangu, mpokee tu. Shule zote nilizopita wamepokea.”

“Hao wana kamati zao.”

Mwalimu mkuu alikuwa katikati. Usiku ule uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu siku. Kukataa mzigo ni kuchelewa, na kuchelewa ni jina lake kusomwa kwenye kikao. Mzee alikataa kusaini, sisi wengine tukajificha nyuma ya mgongo wake, na lori likaondoka na mabati yake. Tulikaa siku kadhaa bila kazi ya kupaua huku simu za wakubwa zikimwandama mwalimu. Mwishowe yakaja mabati ya geji 28, kwa bei mpya. Ndiyo maana sitaji shule: aliyelipa gharama ya uadilifu ule ni mwalimu, aliyeandikiwa barua ya kujieleza.

Kuna mtu mmoja ambaye taarifa za utekelezaji hazimtaji kabisa. Ni mama lishe aliyekuwa anawapikia mafundi. Makubaliano yalikuwa atapika, fundi mkuu atamlipa shule ikimlipa yeye. Shule ikaandaa malipo kwenye mfumo, mfumo ukasema mtandao uko chini, mtandao uliporudi sahihi moja ilikuwa imesafiri kikazi. Wiki zikapita. Mama yule aliendelea kupika, maharage kwa mali kauli, unga kwa mali kauli, hadi muuza duka naye akaanza kumtazama vibaya. Sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha, theluthi moja hivi, haina riba, na wataalamu walituambia ni neema. Mama lishe wetu naye aliikopesha serikali bila riba, tena bila kikao cha bodi, na dhamana yake ilikuwa masufuria. Alilipwa, namshukuru Mungu. Alilipwa Februari.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana Karatu inaishi kwa utalii kama Mtwara inavyoishi kwa korosho. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Kwa takwimu hiyo ni anguko la zaidi ya nusu. Kwa hapa ni mdogo wangu, dereva wa utalii, aliyerudi nyumbani na begi moja, barua ya likizo isiyo na malipo, na darubini yake shingoni kwa mazoea. Alishinda nyumbani hadi akachoka kutazamwa na shemeji. Kisha akashuka Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, akakodi kishamba cha umwagiliaji na kulima vitunguu. Madereva wenzake wengi walifanya hivyo hivyo, na matokeo yake unayakisia: vitunguu vikawa vingi, bei ikaanguka. Mwaka ule Mang'ola ungeweza kupata mtu wa kukueleza tabia za chui kwa Kijerumani huku anapalilia.

Fungu la utalii katika zile trilioni 1.3 lilikuwa shilingi bilioni 90 hivi. Lilikwenda zaidi kwenye mitambo ya kutengeneza barabara za hifadhi, na kwenye miundombinu ya kupokea watalii na kuwapima. Barabara za hifadhi zilihitaji kutengenezwa, nani asiyejua vumbi na mashimo ya Serengeti. Lakini greda linatengenezwa nje ya nchi. Kwa mdogo wangu, kwa wapagazi wa Kilimanjaro, kwa wapishi wa kambi, kwa akina mama wa shanga wa Mto wa Mbu, fungu lile lilikuwa habari ya redioni. Hakukuwa na dirisha la kwenda kuomba wala fomu ya kujaza.

Jirani zetu walijaribu njia nyingine. Mei 2020 Kenya ilitangaza mpango wa kuchochea uchumi wa shilingi bilioni 53.7 za kwao, na ndani yake kulikuwa na bilioni 1 ya kuajiri walinzi 5,500 wa wanyamapori kutoka kwenye jamii, chini ya Shirika la Wanyamapori, na bilioni 1 nyingine kwa hifadhi 160 za jamii. Mijini wakawa na Kazi Mtaani: vijana wanafagia mitaro na kukata nyasi, wanalipwa kwa simu. Awamu ya kwanza ilikuwa shilingi 653 kwa siku, ya pili ikashuka hadi 455. Malalamiko yalikuwa mengi, ya malipo kuchelewa na ya majina kupachikwa na wazee wa mtaa, na nyasi kama ujuavyo huota tena. Mtu akiniuliza Kenya ilibaki na nini cha kushikika baada ya Kazi Mtaani, jibu litakuwa fupi kuliko orodha ya madarasa yetu. Hata hivyo fedha ilimfikia aliyefukuzwa kazi, mwezi alioihitaji. Sisi tulipata majengo, wao walipata mishahara, na nikilazimishwa kuchagua, ningechukua majengo yaliyojengwa taratibu zaidi, kwa matofali ya vijana wa tanuru, na mishahara iwe ndani yake.

Wanaofuatilia siasa watakumbuka jinsi fedha hizi zilivyoondoka na Spika wa Bunge. Mwishoni mwa Desemba 2021 Job Ndugai alihoji mwendo wa kukopa na kuonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Tarehe 4 Januari 2022, kwenye hafla ya kupokea taarifa ya utekelezaji wa mpango huu huu, Rais alimjibu hadharani. Tarehe 6 Januari Ndugai akajiuzulu. Vijiweni mjadala ukawa nani kashinda, na swali lenyewe likafunikwa. Mkopo si dhambi. Kwa halmashauri ile fedha ilikuwa ruzuku, kwani hakuna mkurugenzi atakayeirudisha, na ndiyo maana huku chini hakuna aliyeona uzito wake. Lakini kwa taifa ni deni: sehemu isiyo na riba inalipwa ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa zaidi ndani ya miaka mitano. Deni la miaka mitano linataka uchumi unaozaa ndani ya miaka mitano. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2022 kwenye darasa lile alimaliza kidato cha nne Novemba 2025. Hajaanza hata kutafuta kazi, na kodi ya kulipia darasa lake imeshaanza kutafutwa kwa wengine.

Tangu hapo kanuni zimebadilika, sina hakika kama ni kwa faida ya fundi. Manunuzi ya serikali sasa yanapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023 mahali pa ule wa zamani. Ukitaka kuiuzia shule kitu, hata mchanga, unatakiwa uwe umesajiliwa humo. Kwa upande mmoja ni vizuri, bei zinaonekana na vimemo vya usiku vinapungua. Sheria mpya ya manunuzi pia imetenga asilimia 30 kwa vikundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na nimeona vikundi vikichangamka kwa ajili ya hilo. Kwa upande mwingine, fundi wetu mkuu ana simu ya tochi. Alikwenda kwa kijana wa steshenari pale stendi, akalipia kufunguliwa barua pepe, kutafutiwa namba ya mlipakodi, kupakia picha ya kitambulisho. Nywila anayo yule kijana. Kazi ikitangazwa, kijana ndiye anayeiona kwanza, na ndiye anayeamua ampigie nani.

Vijana wa tanuru wao nimewashauri wasajili kikundi. Tumekaa nao, tukaandika katiba kwenye daftari, tukagombana kuhusu nani awe mweka hazina. Afisa maendeleo ya jamii wa kata amesema karatasi ziko sawa, imebaki akaunti ya benki. Mwenye lori amesikia, na wiki iliyopita alipita kwangu kununua kalamu akauliza, kwa upole kabisa, kama kikundi kitahitaji mwanachama mwenye usafiri.